Sitara na Dawa ya Bure

Husemwa kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Methali hizi mbili hutangulia kila tunapozungumzia maradhi ya akili hapa Visiwani. Huzisikia redioni kila inapofika tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1992. Huzisikia katika semina na barazani. Na mimi mwenyewe nimepata kuzitumia, tena kwa sauti ya mtu anayejiona kuwa anasema jambo la busara. Katika makala haya nataka kuihoji ile methali ya kwanza, si kwa kuikanusha, bali kwa kuuliza swali ambalo kila mwanamke aliyezaa anajua jawabu lake. Uchi huo anaonyeshwa nani? Mzazi humwonyesha mkunga. Hamwonyeshi muuza samaki anayepita njiani. Na kabla mkunga hajauona, mlango hufungwa, pazia hushushwa, wanaume na watoto hutolewa nje, na kanga hutandazwa. Methali imeyanyamazia hayo yote kwa sababu walioitunga hawakudhani kwamba itafika siku watu watahitaji kukumbushwa.

Pazia hilo lina jina. Linaitwa sitara, na neno hili halilingani na kuficha, ijapokuwa kamusi huyaweka karibu. Kuficha ni kitendo cha mtu mwenye hofu au mwenye hatia. Kusitiri aghalabu ni kitendo ambacho mtu hutendewa na mwenziwe: mke humsitiri mume, jirani humsitiri jirani asiyekuwa na chakula kwa kumpelekea sahani iliyofunikwa kawa, na maiti husitiriwa na waoshaji hali ya kuwa yeye hana tena uwezo wa kujisitiri. Tukimwombea mtu heri twasema Mungu amsitiri. Hatusemi Mungu amfiche. Kwa hiyo aliyekosa sitara hakufichuliwa tu, bali ameachwa. Waliopaswa kusimama mbele yake hawakusimama.

Nayasema haya kwa sababu ya swali moja ambalo limenikaa rohoni kwa zaidi ya miaka 10. Zanzibar ilitangaza matibabu bure baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Ahadi hiyo imepita katika misukosuko mingi, lakini haijafutika nyoyoni, na mtu wa shamba hadi leo hukitazama kituo cha afya kilicho karibu naye kuwa ni haki yake, si hisani. Swali langu ni hili: maskini anayepewa dawa ya maradhi ya akili bila ya kutoa hata senti moja, lakini akalazimika kuifuata mbele ya macho ya mtaa mzima, je, amepewa bure? Au ametozwa kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye stakabadhi?

Jirani yangu mmoja, mwanamke mtu mzima, alifiwa na binti yake na wajukuu wawili katika meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mamia ya watu walipotea usiku ule, na wengi hawakupatikana hata wakazikwa. Yeye hakulia sana. Watu walimsifu kwa subira yake, na sifa hizo, naona sasa, zilimfunga mdomo. Miezi ilipopita akaanza kuumwa na kichwa, kisha kifua, kisha tumbo. Kila wiki alikwenda kituo cha afya, akapanga foleni tangu asubuhi mbichi, akaonwa kwa dakika tatu au nne, akarudi na vidonge vya panadoli vilivyofungwa katika kipande cha karatasi. Kituo chenyewe sikitaji, wala siwalaumu waliokuwa wakifanya kazi pale. Tabibu aliyezungukwa na wagonjwa tele hana nafasi ya kumuuliza mtu kama analala usiku. Na yule mama naye alikwishajua ni lipi linaloruhusiwa kusemwa pale. Kichwa kinaruhusiwa. Tumbo linaruhusiwa. Lakini kwamba kila usiku unamsikia mtoto akikuita kutoka majini, hilo halisemeki ilhali mlango uko wazi na jirani wa nyumba ya tatu amekaa kwenye benchi akingoja zamu yake, goti lake likikaribia kukugusa mgongoni.

Siku moja alimkuta tabibu kijana, mgeni pale, ambaye alimuuliza swali moja la ziada. Sikupata kujua ni swali gani. Najua kwamba mama alilia, na walioko nje walisikia, na alipotoka mkononi alikuwa na barua ya kumpeleka Kidongo Chekundu.

Msomaji wa Visiwani hahitaji kuelezwa zaidi. Msomaji wa kwingine aelewe kwamba Kidongo Chekundu ni jina la mahali, mjini Unguja, na maana yake ni hiyo hiyo anayoisoma. Lakini ndipo ilipo hospitali ya maradhi ya akili, na kwa sababu hiyo jina limeacha kuwa la mahali likawa tusi. Watoto wakigombana uwanjani huambiana kwamba fulani ni wa Kidongo Chekundu. Watu wazima hulisema kwa mzaha wakimkusudia mtu mwenye maoni yasiyowapendeza. Waganga na wauguzi wanaofanya kazi huko hawana dhambi katika hilo, na wako waliotoka pale wazima wakarudi makazini. Lakini tusi halichunguzi ukweli. Kumpa mwanamke wa kijijini barua yenye jina lile, mbele ya watu, ni kumpa kitu ambacho kitafika nyumbani kabla yake.

Aliniletea barua ile nimsomee, kwani ilikuwa kwa Kiingereza. Nilimsomea kwa Kiswahili, na nilipomaliza nikaona nimtilie na maneno yangu. Nilimwambia kwamba maradhi ni maradhi, kwamba akili nayo huumwa kama ini linavyoumwa, na, bila shaka, kwamba mficha uchi hazai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza:

“Wewe mwanangu, ungekwenda?”

“Ningekwenda, Bi Mkubwa.”

Akaikunja barua mara nne, akaitia katika upindo wa kanga, akaniaga.

Miaka michache baadaye usingizi ulinikimbia mimi. Sababu zake hazina maana hapa. Baada ya wiki kadhaa za kuhesabu adhana za alfajiri nikiwa macho, nilipanda boti kwenda Dar es Salaam, nikaenda kwa daktari wa kulipia, katika ghorofa ambamo pia kulikuwa na ofisi ya bima na duka la miwani. Aliyeniona nikiingia angeweza kudhani lolote. Nyumbani niliaga kwamba nafuata vipuri vya gari. Yule daktari alifunga mlango, akakaa nami kwa karibu saa nzima, na mwisho akaniandikia dawa ambayo bei yake ilinishangaza kwa udogo: amitriptilini, dawa kongwe iliyokuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1977, na ambayo hospitali za serikali huitoa pia. Fedha nyingi nilizotoa siku ile hazikuwa za dawa, wala hazikuwa za elimu ya daktari peke yake. Nilinunua mlango uliofungwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilimdanganya yule mama, na kwamba yeye alijua.

Basi nikairudia hesabu. Mwenye fedha akiugua akili hulipa fedha, na sitara yake hubaki mfukoni. Asiyekuwa na fedha huambiwa alete hiyo sitara yenyewe. Wala si bei ndogo. Fedha ikitumika hutafutwa nyingine. Sitara ikishatumika hairudi, na athari zake hazimwishii mgonjwa. Binti yake huchelewa kuposwa. Maandazi yake hukosa wanunuzi, kwani nani atakula cha mkono usiotulia? Akigombana na mtu juu ya mpaka wa shamba, neno lake halichukuliwi. Kwa mwanamke mzigo huwa mzito zaidi, kwa kuwa heshima yake imefungamanishwa na nyumba nzima, na akiivunja yeye wanavunjikiwa wote. Si ajabu kwamba lugha yetu imelipa neno bure maana mbili, ya kitu kisicho na bei na ya kazi isiyo na faida, na barua iliyokunjwa mara nne imezikusanya zote mbili.

Najua nitakavyojibiwa. Mtaka cha uvunguni, nitaambiwa, sharti ainame. Serikali imetoa dawa, imetoa jengo, imelipa mishahara. Je, itoe na mapazia? Jawabu langu la kwanza ni kwamba mtu wa shamba si mwombaji. Amelipa kodi katika kila kilo ya sukari na kila lita ya mafuta ya taa, na ahadi ile ya baada ya Mapinduzi haikutolewa kama sadaka. La pili lina uzito zaidi. Kuinama kunahitaji nguvu, na maradhi haya huiba nguvu hiyo hiyo. Mwenye jipu humfuata tabibu kwa sababu maumivu yenyewe humsukuma. Mwenye sonona husukumwa na maradhi yake kuelekea kitandani, gizani, mbali na watu. Anaamini kwamba hastahili kusaidiwa, na kwamba hata akisaidiwa haitafaa kitu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba mlango uko wazi, aje anapotaka, ni kama kumwambia aliyevunjika mguu kwamba hospitali iko juu ya mlima na njia haina ushuru. Kutaka kwenyewe ndiko kulikougua. Kwa hiyo kila kizuizi kidogo kinachowekwa mbele yake ni kikubwa mara kadhaa kuliko kinavyoonekana kwa sisi wazima tuliokiweka, na wajibu wa kutembea huhama kutoka kwa mgonjwa ukawaangukia wanaomtibu.

Kuna pingamizi la pili ambalo naliheshimu zaidi, kwani linatoka kwa watu wanaowapenda wagonjwa. Wao husema: ukiisifu sitara namna hii, unailinda aibu. Maradhi ya akili yatakoma kuwa tusi siku watu watakaposimama hadharani na kusema, nami niliugua. Huenda ni kweli. Lakini nauliza, nani atangulie? Mawaziri wetu, matajiri wetu, na sisi waandishi wa makala, tunatibiwa Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, na tunarudi na vipuri vya gari. Ushujaa tumewaachia wale walio na kidogo zaidi cha kupoteza kwa hesabu ya fedha, na kikubwa zaidi kwa hesabu ya sitara. Kadhia hii si mpya. Tanzania ilipoanza kugawa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila ya malipo mwaka 2004, kliniki nyingi zilikuwa na chumba chao na siku yao, na watu walikipita kituo cha kijijini kwao wakasafiri kwenda kuchukua dawa pasipo mtu anayewajua. Nauli hiyo waliilipa kutoka katika fedha ya chakula, ili wanunue kile ambacho wengine hupewa pamoja na kiti cha kukalia.

Aibu na sitara zina njia mbili mbalimbali. Aibu huondoka kwa wenye nguvu kusema. Sitara ni haki ya dhaifu kunyamaza.

Nimewahi kuwasikia wasomi wakishangaa kwa nini watu wetu bado wanawaendea waganga. Mimi sishangai tena. Mganga huja nyumbani, au humpokea mtu uani kwake usiku. Huuliza jina la mama, huuliza ndoto, husikiliza mpaka mtu amalize. Kisha humwambia mgonjwa kwamba kilichomshika ni kitu kilichotoka nje yake, jini au jicho la mtu, nayo ni hukumu inayomwacha mgonjwa na heshima yake. Simtetei mganga katika kila jambo. Wako wanaowafunga wagonjwa minyororo, wako wanaochukua ng'ombe wa mwisho wa mjane, na kikombe cha kombe hakitamtuliza mtu anayesikia sauti kama sindano ya kila mwezi inavyomtuliza. Lakini tusiseme kwamba wanaokwenda huko ni wajinga. Wanajua vizuri wanachokinunua, na ni kile kile nilichokinunua mimi Dar es Salaam.

Pako mahali ambapo jambo hili lilifikiriwa kwa namna nyingine, na kwa kuwa limewahi kufika hata kwetu sioni vibaya kulieleza. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Zimbabwe, amesimulia mara nyingi hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa wake mmoja, msichana aliyejiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitali. Hospitali ilikuwapo, daktari alikuwapo. Basi ndilo lililokosekana. Mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya serikali kubomoa makazi ya watu wengi mjini Harare, alianza kazi katika kliniki za Mbare bila ya fedha na bila ya chumba. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, na ruhusa ya kuweka benchi nje. Bibi walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kulichagua tatizo moja katika matatizo yake na kulitafutia njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa karibu asilimia 14 ya waliokaa na bibi, ilhali kwa wale waliopata huduma za kawaida zilibaki kwa nusu yao. Mpango huo umeigwa Malawi, New York, na hapa Zanzibar.

Kinachonivutia mimi si zile asilimia bali ni lile neno. Bibi hawakumwambia mtu kwamba ana ugonjwa wa akili. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nasi tunalo la kwetu. Tunasema fulani ana mawazo, na hakuna anayecheka. Mtu mwenye mawazo hupewa kiti, hupewa chai, huulizwa yamemfika nini. Ukimwita mtu huyo huyo mgonjwa wa akili, watu husogeza watoto wao. Lugha ilikwisha kumshonea mgonjwa kanga. Sisi tunaomtibu ndio tuliomvua, tukadhani kwamba tunafuata sayansi.

Na pale bentini, maajabu ni kwamba sitara hupatikana hadharani. Bibi na mtu mwingine wamekaa chini ya mti, wanazungumza. Nani ajue kama wanazungumza msiba au bei ya mahindi? Hata hivyo, jambo hili haliwezi kuchukuliwa kama lilivyo. Sisi tumezaliwa na mabenchi. Barza za mawe ziko mbele ya nyumba zetu tangu enzi za mababu. Lakini barza ni ya wanaume. Mwanamke akikaa peke yake mbele ya kituo na kuzungumza kwa muda mrefu, wapitao watauliza. Mahala pake pa mazungumzo ni uani, panapokunwa nazi na kusukwa nywele, na bibi wetu anayefaa kwa kazi hiyo pengine ni yule anayekwenda nyumba hadi nyumba kuuliza habari za watoto wachanga, ambaye akibisha hodi hakuna anayeshtuka.

Nisieleweke kwamba kusikilizana peke yake kunatosha. Mtu anayeona wasiokuwapo, au aliyeamua kufa, anahitaji daktari, dawa isiyokatika, na pengine kitanda. Na dawa hukatika. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, serikali duniani hutenga kwa afya ya akili kiasi cha asilimia 2 tu ya matumizi yao ya afya. Hilo ni suala la bajeti, na wako wanaolijua kuliko mimi. Ninalolijua ni kwamba sehemu kubwa ya sitara haisubiri bajeti. Wagonjwa wa akili waonwe siku moja na wenye presha na sukari, katika foleni moja, ili anayeketi pale asijulikane ameketi kwa lipi. Daftari zote ziwe za rangi moja. Mtu aitwe kwa nambari, na jina la dawa lisitangazwe dirishani. Barua ya rufaa itiwe katika bahasha. Na mlango ufungwe, japo kwa zile dakika nne. Tukishindwa haya, tusisingizie umaskini wa nchi.

Yule mama hakwenda Kidongo Chekundu. Alipoa kidogo kidogo, kwa kiasi alichopoa, kwa msaada wa dada yake aliyehamia kwake kutoka Pemba na kulala naye chumba kimoja kwa karibu mwaka mzima. Bado hapendi kusikia honi ya meli.

Niliporudi kutoka Dar es Salaam ile mara ya kwanza nilipita mlangoni kwake. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda. Baadaye nilikuja kusikia kwamba kila aliyemuuliza nilikokwenda alimwambia nimefuata vipuri, na akaongeza kwa hiari yake kwamba gari langu limeharibika giaboksi. Gari halikuwa na ubaya wowote, na lilikuwa limeegeshwa mbele ya dirisha lake siku zote zile.

“Huko ulikokwenda,” aliniuliza kwa sauti ya chini, “walifunga mlango?”

“Walifunga, Bi Mkubwa.”

“Haya. Ingia unywe chai.”